Boti Zikishuka Bei, Roho ya Mfanyakazi Isishuke



Kando ya ziwa letu, kutoka Port Bell hadi Ggaba, Munyonyo na Entebbe, matajiri wenye boti za starehe wanasema neno moja: soko limekufa. Boti iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inatafutiwa mnunuzi kwa bei ya hasara, na mnunuzi haji. Mfanyakazi akiomba mshahara wake anajibiwa hivyo hivyo: "Huoni hali ya soko?"

Hali ya soko tunaiona, wala hatusemi kwamba matajiri wote wanadanganya. Lakini tunataka kila mwanachama aelewe hasara hii imetoka wapi, na ni nani anayelipishwa. Maoni yetu ni haya: boti inaposhuka bei, faida ya tajiri siyo inayokatwa kwanza. Kinachokatwa kwanza ni mshahara, halafu matengenezo, na mwisho wake ni roho za watu.

Tuanze na nchi za nje, maana huko ndiko zinakotengenezwa boti za faiba na injini tunazofunga hapa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wenye fedha huko Marekani na Ulaya walizuiwa kusafiri kwa ndege na kulala katika hoteli. Wakakimbilia kununua boti. Katika Marekani peke yake ziliuzwa boti mpya za injini zaidi ya 300,000 mwaka huo, hesabu kubwa kuliko ya mwaka wo wote tangu 2008. Bei ikapanda, viwanda vikaajiri watu. Lakini wengi walinunua kwa mkopo. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba, kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 5 katikati ya mwaka 2023. Mkopo ukawa mzito, wanunuzi wakatoweka, boti zikajaa kwa wachuuzi na bei zikapunguzwa. Viwanda vilevile vilivyoajiri watu vikaanza kupunguza kazi.

Fundisho lake ni rahisi. Boti ya starehe hununuliwa fedha zinapojaa mfukoni, na huwa ya kwanza kuuzwa fedha zinapopungua. Hakuna mtu atakayewanyima watoto wake posho na maharagwe ili apate petroli ya kuzunguka ziwani. Kwa hiyo mfanyakazi wa boti hizi amesimama mahali pa hatari kuliko yule wa kiwanda cha sabuni. Anahitaji ulinzi zaidi, siyo kidogo zaidi.

Hapa kwetu Uganda mambo yalikuwa tofauti. Hatukupata hata ile neema ya mwaka 2020. Sisi tulipata hasara tu, moja juu ya nyingine. Mwaka 2017 jeshi liliingizwa ziwani kuzuia uvuvi haramu, na mitumbwi iliyopungua urefu wa futi 28 ikanyang'anywa na kuchomwa moto. Wengine watasema hilo ni jambo la wavuvi. Lakini fundi wa mbao anayeunda mtumbwi wa samaki ndiye huyo huyo anayeunda boti ya kuwatembeza watu Jumapili. Alipoteza mteja wa kwanza, akabaki kumtegemea wa pili.

Huyo wa pili naye akaondoka. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya hapo wakazi wengi wa Kampala waliogopa hata kukanyaga gati. Machi 2020 serikali ikafunga baa na starehe kwa sababu ya korona, na baa hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Mwaka huo huo wa 2020 ziwa lilijaa kupita kiwango kilichowekwa mwaka 1964, likafunika fukwe na vituo vya boti. Watu walipoanza kurudi, petroli ikapanda kupita shilingi 6,000 kwa lita mwaka 2022. Injini ya boti hainywi kama bodaboda, ndugu zangu. Inakunywa kama lori.

Sasa tuangalie tajiri anafanya nini akibanwa. Wanachama wetu wametueleza, na maelezo yao yanafanana. Kwanza anaacha kulipa kwa mwezi, anasema utalipwa kwa safari. Siku isipokuwa na safari hakuna chakula. Halafu kwenye boti iliyokuwa na watu watatu, nahodha, fundi wa injini na mshika kamba, anabakiza mmoja. Kisha anaahirisha kutengeneza injini. Ubao ulioanza kuoza unapakwa rangi. Jaketi za kuokolea maisha zilizochanika hazinunuliwi nyingine. Mwisho, kwa kuwa safari zimekuwa chache, anataka kila safari ilipe za siku tatu, kwa hiyo anapakia watu kupita kiasi. Nahodha akikataa, anaambiwa wapo kumi nje wanaoitaka kazi yake.

Tukumbuke MV Templar. Boti ile haikuwa na leseni, na ilibeba watu wengi kuliko uwezo wake. Ajali za namna hii haziletwi na upepo peke yake. Zinaanzia katika daftari la hesabu, pale mtu anapokata fedha za usalama kwanza. Na ikizama, nahodha yumo ndani pamoja na abiria.

Wako wenzetu wanaosema kwamba bei ikishuka ni bahati yetu: tuungane, tununue boti moja, tuache kuwa vibarua. Fikra hii hatuidharau. Ushirika ni njia nzuri, na chama kiko tayari kusaidia wanaotaka kuuanzisha. Lakini wazee walisema rahisi ni ghali. Boti inauzwa rahisi kwa sababu mwenyewe amechoka kuilisha. Kabla ya kutoa senti, fundi mnayemwamini aipande, afungue injini, agonge mbao zote moja moja. Kisha pigeni hesabu ya petroli, leseni, bima, jaketi na matengenezo ya mwaka mzima, kwa abiria wa miezi mibaya, siyo kwa abiria wa Krismasi. Hesabu ikikataa, acheni. Mfanyakazi aliyenunua boti mbovu anakuwa tajiri maskini, na atawafanyia wenzake yale yale aliyofanyiwa.

Ziko sheria zinazotulinda, lakini sheria bila chama ni karatasi. Sheria ya Ajira ni ya mwaka 2006, na kanuni zake za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua kupita miezi minne. Wangapi kati yetu ni vibarua mwaka wa tano? Sheria ya NSSF ilibadilishwa mwaka 2022, ili kila mwajiri achange hata kama ana mfanyakazi mmoja: mfanyakazi asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Ipo pia Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, inayodai boti iandikishwe na ikaguliwe. Kwa upande wa mshahara tumeachwa uchi. Kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984, na Bunge lilipopitisha mswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais hakutia sahihi.

Nchini Ufaransa, ambako boti nyingi za starehe huundwa, upo utaratibu wa kiwanda kupunguza saa za kazi wakati soko ni baya, na mfanyakazi akaendelea kupata sehemu ya mshahara wake kwa msaada wa serikali. Mambo kama hayo hayakuletwa na huruma ya matajiri. Wafanyakazi wa huko waliungana miaka mingi wakayadai.

Kwa hiyo sisi tunadai mambo manne.

Kwanza, gharama ya usalama isiguswe. Mwenye boti akishindwa kununua jaketi na kutengeneza injini, aifunge boti hiyo gatini mpaka aweze.

Pili, nahodha anayekataa kupakia kupita kiasi, au kuondoka na injini mbovu, asifukuzwe. Akifukuzwa, wenzake wa gati lile wasiingie kwenye boti hiyo.

Tatu, kila mfanyakazi apewe mkataba wa maandishi na aandikishwe NSSF. Safari zikipungua, wapunguziwe siku kwa zamu wote sawasawa, asitupwe mmoja peke yake.

Nne, boti inapouzwa, mishahara ya nyuma ilipwe kwanza kutoka kwenye fedha za mauzo. Tumeona mwenye boti akiuza usiku, na asubuhi wafanyakazi wanaikuta gati tupu na simu imezimwa.

Ndugu zetu wa Ggaba, Munyonyo, Port Bell na Entebbe, soko hatuwezi kulipandisha. Riba za Marekani haziamuliwi kwetu, na maji ya ziwa hayatuombi ruhusa. Lakini kuamua nani apande boti mbovu na nani asipande, hilo liko mikononi mwetu tukisimama pamoja. Jiandikisheni, chagueni wajumbe wenu kila gati, lipeni ada zenu. Boti zitapanda bei tena siku moja. Mtu aliyezama harudi.

Umoja wetu ndio jaketi letu.