Hisia Hazimo katika Filamu

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wetu kudai kwamba picha iliyopigwa kwa filamu hugusa moyo kwa namna ambayo picha ya dijitali haiwezi. Mwanga uliotoka kwa mhusika, wanasema, uliziangukia chembe za madini ya fedha na kuacha alama yake, ilhali kamera ya dijitali hugeuza mwanga huohuo kuwa tarakimu tupu. Hoja hii haina mashiko, na kitabu wanachokiegemea ndicho kinachoibomoa.

Katika La Chambre claire (1980), Roland Barthes anasimulia alivyopekua picha za mamake, aliyefariki mwaka 1977, hadi akaipata moja ya mwaka 1898, mama akiwa mtoto wa miaka mitano. Kitabu kimejaa picha; hiyo haimo. Barthes aliizuia kwa makusudi, akishikilia kwamba kwa mtu mwingine ingekuwa picha ya kawaida tu. Basi ni kemikali gani iliyowaliza wasomaji wa kurasa zile? Hawakuiona picha. Walisoma nathari. Ni kweli kwamba Barthes mwenyewe aliuamini mguso wa mwanga, lakini usimulizi wake unaishinda nadharia yake, jambo ambalo si geni kwa waandishi wazuri. Isitoshe, kihisi cha kamera ya dijitali nacho huangukiwa na mwanga uleule. Tarakimu hufuata baadaye.

Wapenzi wa filamu husifu pia kile wakiitacho joto la rangi zake. Joto kwa nani? Kwa miongo kadhaa maabara za Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli chenye meno. Polaroid nayo, ambayo leo huliwazwa kama mpenzi wa ujanani, ilitumika kupigia picha za pasi walizolazimishwa kubeba Waafrika katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo huko Marekani walianza kuipinga biashara hiyo mwaka 1970. Kampuni ilijitoa nchini humo mwaka 1977.

Tunakubali kwamba picha ya karatasi hushikika, huandikwa jina na tarehe mgongoni, hurithiwa. Hilo ni suala la utunzaji, si la kemikali, na hapo ndipo penye hatari halisi: picha za jamaa zetu zimo katika simu zinazoibwa na kuharibika, bila jina wala tarehe. Lakini wanafunzi wetu wanaelekezwa kuandika tasnifu kuhusu chembechembe za filamu. Afadhali waulizwe nani kapigwa picha, nani kaitunza, na ni maneno gani husemwa inapotolewa kuonyeshwa wageni.