Buti za Mtoto Anayekwenda Kwenye Theluji

Kila ifikapo Agosti wapo miongoni mwetu wanaofunga masanduku ya watoto wanaokwenda kusoma ng'ambo. Tunaweka sweta, tunaweka pilipili na majani ya chai, kisha pembeni tunasukumia buti tulizochagua kwenye mitumba. Ni nzito, zinang'aa, basi tunaridhika. Sisi wauguzi tunaomba tusimame kidogo hapo kwenye buti.

Katika mji kama Minneapolis, huko Marekani, usiku wa Januari baridi hushuka mara nyingi hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Penye baridi hiyo mwili huipunguza damu ya vidoleni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Mguu uliolowa huumia upesi zaidi. Kwanza vidole huchoma, kisha hufa ganzi, ngozi hupauka na kuwa ngumu kama nta. Mtoto hudhani maumivu yamekwisha, kumbe nyama inaanza kuganda. Mwambieni asisugue wala asiote moto. Aingie ndani, aloweke miguu katika maji ya vuguvugu, na amwone daktari.

Sasa buti zenyewe. Buti ya kubana huzuia damu, kwa hiyo soksi mbili nene ndani ya buti ndogo ni hasara tupu. Zijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi ya sufu, na vidole vyote vicheze.

Kisha geuzeni buti mtazame soli. Ikiwa imeshonwa kwa uzi kuzunguka ukingo wote, fundi viatu anaweza kuibandua na kuweka nyingine, na buti ikadumu miaka mingi. Angalieni vizuri, maana nyingine huchorwa mshono wa uongo juu ya gundi! Lakini hatari kubwa iko kwenye zile soli nyepesi, laini kama sponji, zinazoitwa poliyurethani. Unyevu wa hewa huzila polepole hata kama buti haijavaliwa. Baada ya miaka kadhaa kabatini huonekana mpya, na siku ya tatu barabarani hukatika vipande kama keki kavu. Kwenye mitumba hatujui buti ilikaa wapi wala kwa muda gani. Ikunjeni, bonyezeni soli kwa kidole gumba. Ikitoa nyufa au unga, iacheni hapo hapo.

Kwa maoni yetu ni afadhali mtoto apewe fedha akanunue huko huko kabla theluji haijaanza, kwani maduka ya huko huuza buti zilizotengenezwa kwa baridi hiyo. Mama anayetaka mwanawe apande ndege akiwa amekamilika toka kichwani hadi miguuni atatusamehe.

Asisahau kuzitunza. Barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hukausha ngozi ya buti mpaka ipasuke. Azifute kwa kitambaa chenye maji kila arudipo, azijaze magazeti, aziache zikauke mbali na hita, halafu azipake mafuta ya viatu. Akiweza kupata jozi mbili za kupokezana, kila jozi itapata siku nzima ya kukauka.