Zilipendwa na Chekeche

Jumapili jioni, spika ya baa yoyote ya Sokon I, hapa Arusha, ikianza kutoa gitaa la miaka ya sabini, hukumu haichelewi kutolewa mezani: huo ndio muziki, ulikuwa na mafunzo, ulikuwa na heshima, si haya makelele na matusi ya vijana wa leo. Imerudiwa mara nyingi hata hakuna anayeidai ushahidi tena. Mimi nasema si kweli, na upotofu wenyewe unaanzia kwenye jina. Zilipendwa. Neno hilo linatuambia tu kwamba kuna watu walizipenda, wakati fulani uliopita. Halisemi kwamba zilikuwa safi, wala kwamba zinazizidi zilizofuata. Hayo tumeyaongeza sisi wenyewe.

Chukua “Sina Makosa” ya Les Wanyika, wimbo unaoinua ukumbi mzima wa harusi. Wazee hujitoma uwanjani bila kuombwa, na akina mama wakaanza kutikisa mabega. Kisa chake ni nini? Wanaume wawili, kila mmoja ana wake nyumbani, mmoja anataka kumuua mwenzake kwa ajili ya mwanamke asiye mke wa yeyote kati yao, na mwimbaji anayetishiwa anashangaa hasira zote hizo ni za nini. Kijana wa Bongo Fleva akikitunga kisa hicho hicho leo, tutamwita mharibifu wa maadili, na MC ataombwa auruke wimbo huo mpaka watoto waende kulala. Sisemi ni wimbo mbaya. Ni mtamu mno. Lile gitaa linajua kubembeleza. Ila utamu wake hautokani na usafi, na anayedai hivyo ama hajayasikiliza maneno, ama ameyasikiliza akayasamehe kwa kuwa yana umri.

Na hizo ni zile tunazozisikia. Hadi redio binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, bendi ya Tanzania iliyotaka kusikika nchi nzima ilikuwa na mlango mmoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na mlango ule ulikuwa na bawabu: mashairi yalikaguliwa kwanza. Bendi kubwa nyingi zenyewe zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mpiga gitaa anayelipwa mshahara na chama hahitaji kuambiwa mara mbili kipi kiimbwe. Mwanamuziki Remmy Ongala alipoimba habari za kondomu katika “Mambo kwa Soksi”, UKIMWI ukiwa unazika watu, redio ya taifa ilikataa kuupiga, ingawa sijui ni wimbo gani wa enzi zile uliokuwa na mafunzo kuliko huo. Zilizopenya hapo zikaingia chekeche la pili, la miaka arobaini ya watangazaji kurudia rudia zile tamu na kuziacha zilizopooza zife kimya kimya. Kilichobaki ni unga laini. Kisha tunauchukua unga huo tunaulinganisha na kila kitu kinachotoka wiki hii, pumba na mawe yakiwa bado humo, halafu tunatangaza mshindi.

Tukumbuke pia wakubwa wa wakati ule walisemaje. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere akilihutubia Bunge alisikitika kwamba wengi waliosoma wanajua kucheza rumba, chachacha na twist, ilhali ngoma za gombe sugu, mangala au kiduo wengine hawajapata hata kuzisikia. Rumba hiyo hiyo, iliyotajwa bungeni kama dalili ya watu kuupoteza utamaduni wao, ndiyo leo tunamchapia nayo kijana tukimwambia arudi kwenye muziki wetu halisi. Ilitoka Kuba, ikafika huku kwa santuri, na Salum Abdullah wa Morogoro hakuona haya kuiita bendi yake Cuban Marimba. Mwaka 1969 ikawa zamu ya soul: ikapigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam, ikidaiwa kuharibu vijana. Vijana hao walioharibiwa ndio babu zetu wenye busara.

Mwenye hoja nzito zaidi ataacha maadili na kushika ufundi. Atasema bendi ilikuwa na wapuliza saksafoni, wapiga gitaa watatu, besi na ngoma, wote wakicheza papo kwa papo, na leo mtu mmoja na kompyuta anamaliza kazi. Hapo namkubalia; tumepoteza kitu, na ni kikubwa. Lakini waliokipoteza si vijana. Taasisi zilipoacha kugharimia bendi, vyombo vikabaki kuwa ghali, na mwenye ukumbi akagundua kwamba disko halidai posho ya watu kumi na tano. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo alikuta gitaa halipo, akatumia kilichokuwepo. Ama ujumbe, mwaka 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa na polisi kwa sababu ya wimbo “Wapo”, Baraza la Sanaa, BASATA, likaufungia, kisha Rais Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wimbo usio na ujumbe haumsumbui polisi.

Kinachoniudhi zaidi ni mapenzi yanayofika msiba ukiwa umekwisha. Wilson na George Kinyonga, ndugu kutoka Tanga, walikuwa hapa mjini mwaka 1970 na bendi waliyoiita Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, kwenye studio na viwanda vya santuri, na huko wakawa Simba Wanyika. Bendi hiyo ilipomeguka mwaka 1978 ndipo wakazaliwa Les Wanyika. Yaani mizizi ya “Sina Makosa” ilipita mikononi mwetu, tukaiachia, halafu tukaletewa wimbo kwenye redio kama zawadi. Ikajirudia: mwaka 2004, X Plastaz, vijana wa Arusha waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, walitoa albamu yao ya Maasai Hip Hop kupitia lebo ya Ujerumani. Enzi zile mtu wa rap alikuwa mhuni tu. Leo kaa na watu wa miaka arobaini utawasikia wakizilia zama hizo, zama hip hop ya Arusha ilipokuwa na ujumbe, si kama hawa watoto wanaojifungia chumbani na kompyuta. Na mtoto mmojawapo, hapo hapo nyuma ya baa, anahesabu nauli ya kwenda kujaribu bahati Dar.