Usimsingizie Shetani, Fungia Bunduki



Jumapili baada ya ibada ndugu mmoja alinivuta kando. "Pastor, niombee. Nina bastola ya leseni nyumbani na mama watoto haishi kuogopa." Nikamuuliza, "Ndugu yangu, saa hii tukiongea, iko wapi?" Akanyamaza, kisha akasema, "Chini ya godoro." Na watoto? "Wamebaki nyumbani." Nikamwambia, maombi yatangoja. Enda nyumbani sasa hivi.

Naelewa hofu yake. Hapa Kasipul hatujasahau Mei 2025, tulipomzika mbunge wetu, Charles Ong'ondo Were, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 30 Aprili. Ukiona hayo, unamwogopa adui wa nje. Lakini bastola iliyo chini ya godoro haichagui adui. Mtoto anayetafuta rimoti anaweza kuifikia kabla ya mwizi.

Fungua Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimuua mtu kwa pembe, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alijulikana ni mkali, mwenyewe akaonywa na hakumfungia, damu ile iko juu yake. Mpendwa, hakuna bunduki ambayo haijulikani kuwa kali. Siku uliyoichukua, ulionywa.

Ndiyo maana sipendi tunavyokimbilia kusema "ni shetani" ama "ni mapenzi ya Mungu." Tarehe 30 Machi 2020, wakati wa kafyu, Yassin Moyo wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Polisi walisema huenda ni risasi iliyopotea. Baadaye afisa alishtakiwa kwa mauaji. Hukumu ni ya mahakama. Mimi nasema hili tu: risasi haipotei yenyewe. Kuna kidole kilichoitoa.

Na vifo vya ajali vinaweza kupungua. Marekani, miaka ya 1970, ajali za bunduki ziliua zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka. Siku hizi ni kama 500. Si kwamba shetani aliokoka! Wawindaji walipungua, mafunzo yakaongezeka, matibabu yakawa bora. Hata hivyo, kati ya 2003 na 2021 walihesabiwa huko watoto 1,262 waliokufa kwa ajali hizo, wengi wao ndani ya nyumba. Bunduki nyingi zilikuwa na risasi ndani na hazikufungiwa, na mahali zilipochukuliwa zaidi ni kitandani na kando ya kitanda. Umelikumbuka lile godoro?

Sasa wewe mwenye leseni, na wewe mama ambaye kijana wako ni askari na huja nyumbani na silaha, sikia. Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi. Ukitoa magazini, bado risasi moja inaweza kubaki ndani, kwa hivyo kagua. Usimwelekezee mtu mtutu, hata kwa mzaha. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Usipige risasi hewani kwenye matanga wala sherehe, kwa sababu iliyopanda lazima ishuke. Fungia silaha kwenye sanduku la chuma, na risasi uziweke kwingine. Hata Sheria ya Silaha, Sura 114, inakutaka uihifadhi salama. Na mtoto afundishwe hivi: ukiiona, usiiguse, toka hapo, ita mtu mzima.

Jumatano yule ndugu alinipigia simu. "Pastor, nimenunua sanduku. Ufunguo ninatembea nao." Hapo ndipo tukaomba, na mama watoto akasema Amina kubwa kuliko yetu sote.

Tusimwombe Mungu alinde mlango ambao sisi wenyewe tumekataa kuufunga. Kama kuna silaha kwenu, usilale leo kabla ya kuuliza iko wapi.

Bwana alinde watoto wetu, na atupe sisi wazazi bidii ya kuwalinda. Amina.