Muzee haachi kiti, kijana hapati kazi: shida si umri, shida ni mupango

Kila siku tunasikia neno moja katika miji yetu: "Wazee watoke, watuachie nafasi!" Tunalisikia ndani ya taksi-basi, kwenye WhatsApp, ata ndani ya mikutano yetu. Siye wenye kuandika hapa tuko na diploma za chuo kikuu na hatuna kazi. Hasira ile tunaijua vizuri. Lakini leo tunasema wazi: tunapiga mutu asiye na kosa. Muzee mwenye kubaki kwenye biro ya serkali wakati nguvu zimeisha si yeye alifunga mulango. Mulango ulifungwa na serkali yenye haijue iko na watu wangapi, inahitaji nani, na nani atatoka lini.

Kazi ile ya kujua iko na jina. Kwenye fakulte wanaiita usimamizi wa kimkakati wa rasilimali watu. Jina ni kubwa, lakini ndani yake kuko maulizo tano tu. Tunataka kufanya kazi gani katika miaka tano ao kumi yenye kuja? Kazi ile inaomba watu wa namna gani, na wangapi? Leo tuko na nani? Pengo tutalijaza namna gani: kwa kufundisha wale wako, ao kwa kuingiza wapya? Na wenye kuchoka watatoka namna gani, na nani atashika kazi yao nyuma?

Mama mwenye kupika chakula sokoni anajiuliza maulizo hayo bila kusoma fakulte. Anahesabu sahani mbele ya kuita wasaidizi. Haite wasichana kumi sababu shangazi kumi walimuomba. Akifanya vile, kisha wiki moja sufuria inabaki wazi. Inchi yetu inafanya vile miaka na miaka, kiisha inashangaa kuona sufuria wazi.

Hapa Katanga tuko na mufano nyumbani kwetu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Mwanzoni ilichukua watu kwa mikataba mifupi. Watu walikuwa wanakufa, wanakimbia, na kila mara kampuni ilipaswa kutafuta wengine mbali sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha: mikataba ya miaka tatu, bibi na watoto kwenye kambi, masomo, dispansere. Haikuwa mapendo. Walihesabu, wakaona kwamba mutu mwenye kubaki na kujua kazi anagarimu kidogo kuliko mutu wa kuja na kurudi.

Ule ulikuwa mupango kweli, lakini ulifanywa kwa faida ya kampuni, na mufanyakazi hakuwa na sauti. Mwezi wa 12 mwaka wa 1941, wafanyakazi waliposimamisha kazi wakiomba mushahara mzuri, askari waliwapiga risasi hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, na makumi ya watu wakakufa. Kwa hiyo hatusifu wakoloni. Tunasema hivi: mupango ni lazima, na kuuliza mupango ni wa faida ya nani, ile pia ni lazima.

Kiisha kukaja Gécamines. Mwaka wa 1986 ilitoa karibu tani 476.000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 haikufika ata 50.000. Sababu ziko nyingi: mashine zilizeeka bila kubadilishwa, mugodi wa Kamoto ulianguka mwaka wa 1990, feza ya kampuni ilienda kwenye siasa. Tena mwaka wa 1992 na 1993, mafundi wengi walifukuzwa Katanga juu tu asili yao ni Kasai. Ujuzi wao ukapanda gari-moshi pamoja nao. Hakuna kampuni yenye inaweza kufukuza ujuzi wake yenyewe na kubaki imesimama.

Mwaka wa 2003, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 wa Gécamines walitolewa katika operasio yenye iliitwa "kuondoka kwa mapenzi". Miaka ikapita wakiwa bado wanadai haki zao za mwisho. Vijana wenzetu, tuangalie vizuri hapo. Watu wengi namna ile walitoka kwa mara moja. Je, watoto wao waliingia? Hapana. Watoto wengi waliacha masomo juu baba hakuwa tena na mushahara. Wengine wakaenda kuchimba na mikono. Kutoa wazee bila mupango hakufungulie kijana mulango. Kunafunga milango mbili kwa mara moja.

Sasa tuje kwa serkali, sababu yeye njo mwajiri wa walimu, wauguzi na watu wa biro katika inchi muzima. Sheria iko: sheria namba 16/013 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016 inasema mutumishi wa serkali anaingia kwa mutihani. ENA kule Kinshasa inachukua vijana kwa mutihani, kwa hiyo tunajua inawezekana. Lakini katika biro nyingi mutu anaingia kwa karatasi ya mukubwa. Haulizwe unajua kufanya nini. Unaulizwa: "Nani amekutuma?" Wengi wanaoingia vile wanaitwa "NU", watu wapya: wanafanya kazi miaka bila namba ya matrikile na bila mushahara, wakingojea siku yenye haifike. Ile si kazi, na si kuajiri. Ni kujaza viti tu.

Na ulizo la tatu, "leo tuko na nani?", serkali ilijibiwa na Ukaguzi Mkuu wa Feza, IGF, mwezi wa 2 mwaka wa 2023. Kwenye listi za mishahara walikuta watumishi 145.604 wenye namba za matrikile za uongo ao zenye makosa. Wengine 53.328 walikuwa wanagawana namba na watu wengine. Hasara: zaidi ya dola milioni 60 kila mwezi. Kila mara tunaomba kazi wanatujibu: "Feza hakuna." Feza iko. Inalipa mizimu.

Muzee sasa. Juu ya nini haende retrete? Sababu anaona wenzake waliotoka. Anajua mwalimu aliyefundisha maisha yake yote, kiisha akapewa feza kidogo ao akangojea mupaka kufa. Kwa muzee ule, kuacha biro ni kuchagua njaa. Tangu mwaka wa 2015 kuko CNSSAP, kase ya pansheni ya watumishi wa serkali. Hatua ile ni nzuri. Lakini kase inasaidia tu kama mutu wako kwenye listi ya kweli, na kama feza yake inafika kwa wakati. Siku muzee ataona kwamba retrete ni kupumuzika kwa heshima, atasimama mwenyewe, na atakuwa na moyo wa kufundisha kijana kazi mbele ya kuenda. Ujuzi wa miaka 30 hauko ndani ya armware ya biro. Uko ndani ya kichwa cha muzee. Tukimutupa inje, tunautupa pia.

Kwa hiyo kijana mwenye kutafuta kazi na muzee mwenye kukataa kutoka wako na adui moja. Tukigombana na wazee, wenye kukula mishahara ya mizimu wanacheka.

Tunaomba serkali, na serkali za provensi pia:

1. Kila wizara itangaze, kila mwaka, kazi zenye iko nazo, nafasi zenye ziko wazi, na watu wangapi wataenda retrete katika miaka tano yenye kuja.
2. Listi za mishahara zisafishwe, na wenye kutengeneza mizimu waende mbele ya tribinali.
3. Hakuna kuingia bila mutihani, na matokeo yabandikwe mbele ya watu wote.
4. NU wenye kufanya kazi kweli wahesabiwe, wapimwe, walipwe.
5. Hakuna muzee kutolewa bila pansheni yake, na kila muzee mwenye kutoka aache kijana aliyemufundisha.

Na siye wenyewe? Tuanze hapa. Wiki hii, nenda na wenzako wawili kwenye divizio moja ya serkali katika muji wako. Ulizeni kwa heshima, kwa barua yenye tarehe na sini: nafasi ngapi ziko wazi, na mutihani utafanyika lini? Chukueni kopi yenye wamepokea na kuisini, mutuletee. Na mukikuta muzee pale kwenye meza, mumusalimie. Mumuulize pansheni yake imefika wapi. Barua yake pia tutaibeba.