Imeli ya Saiba Si Imeli Yako

Kampuni za malipo ya simu hapa Kenya, yetu ikiwemo, zimekuwa zikirudia neno moja tangu M-Pesa ianze mwaka 2007: usimpe mtu PIN yako. Neno hilo watu wamelishika. Nenda sokoni Birongo umuulize mama anayeuza ndizi PIN yake, uone vile atakukazia macho. Lakini muulize huyo huyo mama simu yake inatumia imeli gani. Mara nyingi jibu ni, "Sijui mimi, kijana wa duka ndiye aliweka."

Hilo jibu la pili linafaa kutusumbua sawa na mtu akitaja PIN yake kwa sauti. PIN ikijulikana, unaibadilisha kwa dakika moja na maisha yanaendelea. Lakini akaunti ambayo hukuifungua wewe, yenye nenosiri usilolijua na namba ya simu ya mtu mwingine, huwezi kuibadilisha hata ukitaka. Haikutambui. Inamtambua yule kijana.

Inavyotokea

Umenunua simu Kisii mjini. Ili upate WhatsApp, simu inataka akaunti ya Google. Unaulizwa, "Uko na imeli?" Unasema huna. Kijana wa duka ana wateja wengine watatu wamesimama nyuma yako, kwa hivyo anaifungua haraka: jina lako, tarakimu fulani mbele yake, na nenosiri lile lile analowawekea wateja wote. WhatsApp inaingia, unashukuru, unapanda matatu unaenda nyumbani.

Saibani mambo ni hayo hayo. Mtoto amemaliza kidato cha nne, anataka kuingia KUCCPS, anataka HELB, anataka eCitizen, anataka PIN ya KRA. Huko kote anaulizwa imeli na namba ya simu. Foleni ni ndefu. Mhudumu anaandika imeli ya saiba yenyewe, au anatengeneza mpya lakini namba ya kuthibitisha ni ya kwake, kwa sababu simu ya mteja imezima chaji.

Siwalaumu hawa vijana. Wamebeba huduma za serikali mgongoni bila mshahara wa serikali. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wazee wangapi wangejisajili wenyewe bila mtu wa kuwasaidia kubonyeza *147#? Wachache sana. Ninachopinga ni sisi wateja kuondoka pale kaunta kama mtu aliyelipia nyumba akamwachia fundi funguo zote.

Uchungu wenyewe hauji siku hiyo. Unakuja mwezi wa sita, mwaka mwingine kabisa. Kila mwenye PIN ya KRA anatakiwa kuwasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hana kazi na ritani yake ni sufuri. Umesahau nenosiri la iTax, unabonyeza umesahau, na mfumo unakujibu vizuri tu kwamba umetuma ujumbe kwa imeli uliyojisajili nayo. Imeli gani? Ya saiba iliyofungwa, ya kijana aliyehamia Nairobi na namba yake haipatikani. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi inaanzia shilingi 2,000.

Au umenunua simu mpya, ile ya zamani unampa mdogo wako aliyeingia chuo. Anaifuta yote ili aanze upya. Ikiwaka, inataka akaunti ya Google iliyokuwa ndani mwanzo, na bila hiyo haiendi mbele. Huo ni ulinzi uliowekwa ili simu ya wizi isiwe na faida, na ni ulinzi mzuri. Lakini kwako wewe usiyejua ile akaunti ya duka, simu yako mwenyewe inakuona mwizi.

Na kuna pesa, ambayo ndiyo wengi wenu mnasomea hapa. Imeli ya simu mara nyingi ndiyo inayohifadhi majina na namba za watu wako wote, na picha pia, ikiwemo ile picha ya kitambulisho uliyompigia wakala au mwajiri. Mtu mwingine akiwa na nenosiri la hiyo imeli, hahitaji PIN yako. Anajua shangazi yako ni nani na ndugu yako wa Minnesota ni nani. Anawaandikia wao. (Hapa Wagusii tuna bahati kidogo. Kwetu "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Tapeli asiyejua Kigusii akiona umehifadhi jina "Baba", ataandika "Mzee, nimepata ajali, tuma kwa hii namba," kumbe anamwandikia mama yako. Lakini usitegemee bahati hiyo. Matapeli wengine ni wa hapa hapa.)

Zile namba sita zinaenda kwa nani?

Ukinilazimisha nikupe swali moja tu la kujiuliza kuhusu kila akaunti uliyonayo, si nenosiri lina herufi ngapi. Ni hili: nikisahau, zile namba sita za kuthibitisha zinatumwa kwa simu ya nani? Yule anayezipokea ndiye mwenye akaunti. Wewe ni mpangaji tu.

Kwa hivyo anza na imeli. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha Google. Juu kabisa utaona imeli yako, iandike mahali. Fungua sehemu ya kudhibiti akaunti, halafu usalama, uangalie namba ya simu ya kurejesha akaunti na imeli ya kurejesha. Ukikuta namba usiyoijua, badilisha uweke yako, kisha badilisha nenosiri. Hapo huenda ukaombwa nenosiri la zamani. Kama hulijui, rudi kwa kijana wa duka leo wakati bado yuko, umwombe mfanye pamoja. Akikuambia amesahau, na hakuna njia ya kuirejesha, fungua imeli mpya ukiwa na laini yako mkononi, uhamishe majina na picha, halafu uondoe ile ya zamani. Ni kazi ya jioni moja. Ukiwa hapo hapo kwenye usalama, tazama pia orodha ya simu na kompyuta zilizoingia kwenye akaunti. Usiyoitambua, itoe.

Simu yako ikiwa ya Kiingereza na Kiingereza kinakuchosha, igeuze iwe ya Kiswahili. Kuna maneno utayaona ya ajabu mwanzoni, lakini afadhali kusoma polepole unachokielewa kuliko kubonyeza "sawa" kwa kila kitu.

Kisha tembea na hiyo imeli mpya hadi eCitizen, iTax na HELB, uiweke huko, ukiwa bado unaweza kuingia. Hili usingoje Juni.

Laini ndiyo mlango

Watu wengi wameweka alama ya kidole kwenye simu na wanalala usingizi. Alama ya kidole inafunga simu, haifungi laini. Mwizi anatoa laini yako, anaiweka kwenye simu yake ya mulika mwizi, na zile namba sita zote zinaanza kumwingilia yeye. Dawa yake ni PIN ya laini yenyewe, ambayo ni tofauti na PIN ya pesa. Iko kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, na hata simu ndogo za vibonyezo zinayo. Ukishaiweka, laini ikiingizwa kwenye simu yoyote itaomba hiyo PIN kwanza. Tahadhari moja: ukikosea mara tatu inajifunga hadi uweke PUK, zile tarakimu zilizo kwenye kadi iliyokuja na laini. Kama kadi ilishatupwa, ulizia PUK kwa kampuni ya laini yako kabla ya kuanza kubonyeza.

Pia ficha maandishi ya SMS kwenye skrini iliyofungwa. Simu nyingi huonyesha ujumbe wote hata kabla hujafungua, kwa hivyo mtu akiwa ameketi karibu nawe kwenye matatu anasoma tu. Nenda kwenye mipangilio ya arifa uchague maudhui yasionekane skrini ikiwa imefungwa.

Wenye laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna watu wamekuta namba wasizozijua kabisa. Na *100*100# inazuia mtu kubadilisha laini yako bila wewe kwenda mwenyewe. SMS ya utapeli isambaze kwa 333, ni bure.

Halafu hii tabia yetu ya kuweka kitambulisho nyuma ya simu, ndani ya kava. Najua ni rahisi, na najua ejenti anakiomba kila mara. Lakini ukiangusha simu Keroka siku ya soko, aliyeiokota amepata laini yako, jina lako kamili, namba ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa, vyote kwa pamoja. Kama PIN yako ni huo mwaka wa kuzaliwa, hata hakuna haja ya kuendelea na hii hadithi. Kitambulisho kikae kwenye pochi.

WhatsApp, kwa ufupi: ingia Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu sita na imeli yako. Bila hiyo imeli, ukisahau tarakimu utasubiri siku saba kabla ya kurudi ndani. Na kama uliwahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya saiba ili uchapishe barua ya shule, angalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Huenda hiyo kompyuta bado inasoma meseji zako hadi leo.

Na wazee je?

Hapa ndipo watu hunipinga, na hoja yao ina uzito. "Nyanya hajui kusoma hizo mambo. Mjukuu ndiye anashika simu, anajua PIN, anajua kila kitu. Unataka nyanya afungue imeli?"

Sitaki afungue peke yake. Ninachotaka ni achague. Kuna tofauti kubwa kati ya mzee aliyesema "namba ya kurejesha iwe ya huyu binti yangu, namwamini," na mzee ambaye namba yake ya kurejesha ni ya mtu aliyekuwa karibu siku hiyo. Keti naye. Simu iwe mkononi mwake, si mkononi mwako. Mweleze kwa Kigusii kile unachobonyeza, hata ikichukua saa nzima. Pesa ya majani chai ikiingia, afungue meseji yeye mwenyewe, hata kama anajua kusoma tarakimu tu. Kuhusu PIN, mjukuu asiijue. Kama lazima mtu wa nyumbani ajue, basi awe mmoja, na mzee ndiye amtaje.

Kuna wale mnaosimamia simu ya mzazi mkiwa mbali. Wakisii wa Minneapolis ni wengi, na namba ya kurejesha ya akaunti nyingi za Birongo ni ya huko. Nia ni njema, ila hesabu saa. Mama akikwama hapa saa nne asubuhi, huko kwenu ni saa saba au saa nane usiku, na zile namba sita huwa zinaisha muda baada ya dakika chache. Afadhali namba ya kwanza iwe ya mtu wa hapa karibu, yako iwe imeli ya pili.

Google pia hutoa tarakimu za akiba, seti kumi za tarakimu nane nane, ambazo zinakubali hata simu ikiwa imepotea na laini haipo. Kila seti inatumika mara moja tu. Unazipata hapo hapo kwenye usalama, ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Usizipige picha ukaziacha ndani ya simu hiyo hiyo. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, uikunje, uiweke pamoja na hati ya shamba.