Risasi Isiyotoka kwenye Bunduki

Leo nna habari ya risasi. Usikimbie! Si ya bunduki. Ni yale madini laini, mazito, ambayo wavuvi wetu hapa Bububu huyatengenezea chubwi za mshipi.

Ijumaa nimemkuta mjomba uani kavunja betri bovu la gari, risasi yake kaitia kwenye kikaango juu ya jiko la makaa. Risasi haina makuu, nyuzijoto 327 tu inayeyuka. Mjomba anamimina kwenye vitundu vya mchanga, na mwanawe wa miaka mitatu kachutama pembeni, anaokota vilivyopoa na kutia mdomoni!

Mchezo huo wa mchanga ni wa zamani. Hata Uingereza walikuwa wakimwaga risasi juu ya mchanga kupata mabati, lakini bati huku nene, huku jembamba. Mwaka 1670 Philip Howard na Francis Watson wakapewa idhini ya kutumia mashine. Unaijua mashine ya miwa pale Forodhani? Basi ndiyo hiyo hiyo: magogo mawili yanazunguka, risasi inapita katikati, inatoka bapa. Wakavika merikebu za mfalme chini, wadudu wa bahari wasitoboe mbao. Kumbe vyuma vya usukani vikaliwa na kutu, mradi ukafa. Mafundi wetu wa majahazi wao walipaka shahamu na chokaa, mambo yakaenda.

Siku hizi risasi nyingi duniani inaingia kwenye betri, na hapo ndipo balaa. Vumbi na moshi wake ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Watoto walipopimwa, risasi imo ndani ya damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 wakazi wakashinda kesi mahakamani.

Nikamwambia mjomba. Akacheka. "Babu yako kayeyusha hii miaka yote, mbona kafa mzee?"

"Babu alianza mkubwa, mjomba. Huyu ana miaka mitatu."

Akanyamaza. Akamwita mtoto, akamwosha mikono, akazima jiko.

Nikadhani yamekwisha. Jioni nimemkuta mkaza mjomba anataka kukaangia samaki kikaango kile kile! Nimekinyakua, na hadi leo nadaiwa kipya. Nitalipa, jamani. Kikaango kinanunuliwa dukani.

Na wewe kachungulie uani kwenu. Tukutane wiki ijayo.